Anti, ni baridi au ni kazi yangu?

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 26, nipo Tabora mjini, nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya matangazo. Tunachapa mabango, stika na fulana, tunarekodi matangazo ya redio, na tuna kirikuu chenye spika juu kinachozunguka mitaani kutangaza ofa za maduka na mikutano ya injili. Kazi yangu mimi ni maneno. Mteja akija anataka bango, wa kuumiza kichwa liandikwe nini ni mimi.

Nakuandikia kwa sababu tangu kipupwe kianze sijielewi. Watu wakisikia Tabora wanafikiria jua na maembe. Njoo mwezi wa saba uone. Mchana jua linawaka sawasawa, likizama tu upepo unaanza, na alfajiri maji ya ndoo yanauma mikono. Midomo inapasuka hata ukipaka mafuta ya mgando. Vumbi linaingia mpaka ndani ya mashine ya kuchapia. Bodaboda wamejifunga makoti ya mtumba hadi masikioni, abiria unajibanza mgongoni kwa dereva na kumwomba asikimbize. Rafiki zangu niliosoma nao wako Dar, wanaposti picha wamevaa masweta eti baridi, wakati huko watu wanalala feni ikizunguka. Nacheka, halafu kicheko kinaniishia mdomoni, maana picha zenyewe wanapigia kwenye ofisi zenye lifti.

Tatizo ni mawazo. Asubuhi nikiwa bado chini ya blanketi najiuliza, hivi hii ni kazi gani? Naandika "Bei chee, wahi kabla hayajaisha!" ya duka la magodoro, na godoro ninalolalia limebonyea katikati tangu niko sekondari. Nikienda msibani, macho yanakwenda kwenye bango lenye picha ya marehemu na kuona herufi zimebanana. Nikipita Soko Kuu nasahihisha vibao vya maduka kichwani. Juzi nimempa jirani pole ya kufiwa, nikajikuta napima kama inaenea kwenye sekunde thelathini za redio. Hii ni akili au ni ugonjwa?

Mwezi wa sita tulikimbizana, maana maofisi yanafunga mwaka wa fedha tarehe 30 na kila mtu anataka bango lake la semina leo leo. Ikaingia Julai, kimya. Tunatoa viti nje tunaota jua, muuza kahawa anapita na birika lake tunakunywa, tunatafuna matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, tunasubiri maonyesho ya wakulima ya Nanenane. Upepo nao umechana bango kubwa tulilotundika njia ya stesheni, mteja anataka arudishiwe hela yake. Stika hazishiki asubuhi mpaka ukuta upate jua.

Naishi Isevya kwa mama mdogo, ndiye aliyenilea. Ana sukari, kila mwezi anakwenda kliniki, na baridi hii miguu inamsumbua, kwa hiyo kabla sijatoka namchemshia maji ya kuikandia na kumsogezea jiko. Akiniona nimenuna anasema simu imeniroga. Baba yuko Sikonge, ana mizinga yake ya nyuki, na kila tukiongea lazima aulize: "Bado unauza maneno?" Anacheka, lakini inaniuma.

Wiki hii bosi amenipa kazi ya mteja wa asali, anataka mabango na tangazo la redio kwa ajili ya Nanenane, yaseme inatibu kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Maneno hayaji. Zamani kitu kama hiki ningekimaliza kabla ya chai ya saa nne, ndiyo maana naona kipaji kimeisha.

Naomba ushauri wako. Nihamie Dar kwa wenzangu? Niache matangazo nitafute kazi nyingine? Au ni baridi tu, itapita?

Mtunga Maneno, Tabora


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa midomo.

Niliposoma barua yako mara ya kwanza nilimwona kijana aliyechoka. Nikairudia, nikaona jambo jingine. Baridi umeiandikia kwa raha zako, mabango ya msibani umeyapa nafasi, hata matobolwa yamo. Asali umeipitia chapuchapu, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Mimi naanzia hapo hapo ulipokimbilia.

Maneno ya asali hayaji kwa sababu unajua si kweli. Mama mdogo ana sukari, wewe ndiye unayemwona akimeza vidonge, halafu unaambiwa uandike kwamba chupa ya asali inatibu kisukari. Kipaji chako hakijaenda popote. Kimegoma, na mimi nipo upande wa mgomo.

Asali, pamoja na utamu na heshima yake yote, ni sukari. Karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Mgonjwa wa kisukari akiilamba, sukari ya damu inapanda. Lakini kijiko kimoja sicho kinachoniogopesha. Ninachoogopa ni vidonge vitakavyobaki kabatini. Mtu amechoka na foleni ya kliniki, amechoka kupimiwa ugali, anasikia spika inapita na kusema kuna kitu kitamu, cha asili, cha kwetu hapa hapa, na kinatibu. Nani hatasimama? Na kirikuu chenu si kinapita Isevya? Mama mdogo akilisikia tangazo hilo atajua ni mwanawe aliyeliandika, na ataliamini kuliko mtu mwingine yeyote mtaani.

Presha na vidonda vya tumbo ni hivyo hivyo, sina haja ya kurudia. Zipo sifa za asali zinazokubalika: kijiko chake kinatuliza kikohozi, na kwa vumbi la msimu huu nadhani Tabora nzima inakohoa. Hata hapo pana mpaka. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba bakteria wanaotoa sumu ya hatari tumboni mwake. Nikisikia mmechapa bango la asali lenye picha ya kichanga, napanda treni nakuja mwenyewe.

Sasa bosi. Usimwendee na hotuba ya dhamiri. Ana pango la ofisi, ana mishahara, na Julai imemkaba kama ilivyokukaba wewe, atakuona unaringa tu. Ongea naye hasara. Mwambie tukisema asali inatibu ugonjwa, tumeitoa kwenye chakula tumeipeleka kwenye dawa, na dawa haitangazwi bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ikibaki chakula, iko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji, iwe kwa bango au kwa spika. Wanaosimamia hayo hawako mbali kihivyo. TBS na TMDA nao huweka mabanda yao Nanenane. Kwa maneno mengine, bango lenu litapepea Ipuli, kwenye uwanja wa Nanenane, huku anayehusika nalo anakatiza uwanjani na chupa ya maji mkononi, anaangalia mabanda. Muulize bosi kwa adabu: likishushwa, nani analipa gharama ya kuchapa jingine? Mteja atasema nyie ndio mabingwa wa matangazo, mlipaswa kujua. Halafu nyie ni watu wa mkoa wa tumbaku. Mnajua tangu Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya 2003 kwamba kuna vitu vinauzwa dukani lakini havitangazwi utakavyo.

Na usiende mikono mitupu. Bosi mwenye haraka hachagui kati ya ukweli na uongo, anachagua kati ya kilichoandikwa na kisichoandikwa. Kwa hiyo nenda na tangazo jingine limeshakamilika. Nikupe na mahali pa kuanzia, maana hapa ndipo baridi yako inapopata kazi.

Asali ya msimu huu inaingia mjini wakati wa kipupwe. Asali huganda haraka zaidi kwenye nyuzi joto 14 hivi, na mji wenu, uliokaa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai hauko mbali na hapo. Matokeo yake unayajua: mama ananunua chupa Jumamosi, wiki mbili baadaye imekuwa nyeupe chini na chengachenga, anapiga kelele kwamba ametiliwa sukari ya dukani. Anaitupa, au anairudisha kwa ugomvi. Muulize huyo mteja wenu wa asali kama hajawahi kurudishiwa chupa mwezi wa saba, uone atakavyokutolea macho. Hilo ndilo tatizo lake la kweli kibiashara, na ndilo wewe unaweza kumtatulia kwa maneno.

Redioni ingekuwa hivi, nawe utainyoosha, mimi si fundi:

"Mwangaluka, Tabora! Asali yako imeganda? Usiitupe, wala usigombane na mtu. Ni baridi ya mwezi wa saba. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, itarudi yenyewe taratibu. Asali ya miyombo, njoo uionje bure banda letu, Nanenane Ipuli."

Umeona? Hakuna ugonjwa hata mmoja, na msikilizaji ameondoka na kitu cha kufanya jikoni kwake. Akifika Ipuli atalitafuta banda la mtu aliyemfundisha kuyeyusha asali. Ila usiteleze upande wa pili ukaandika "iliyoganda ndiyo halisi". Hilo nalo si kweli. Kuganda kunategemea mizani ya sukari zilizotoka kwenye maua. Asali safi kabisa inaweza kukaa miezi ikiwa maji maji, na iliyochakachuliwa inaweza kuganda pia. Usimwondolee mtu uongo mmoja ukampa mwingine.

Umesema baba yako ana mizinga Sikonge, na hapo hapo unalia maneno hayaji! Nenda Jumapili moja. Mwulize ni miti gani imechanua mwaka huu, kwa nini anarina usiku, anaacha masega mangapi ili nyuki wasihame, moshi wake ni wa nini, na asali ya mzinga wa gome inatofautianaje na ya mzinga wa sanduku. Rekodi kwa simu mlio wa mzinga ukifunguliwa, redioni sauti ile inamsimamisha mtu kuliko muziki wowote. Ukipiga picha ya mrinaji ukataka kuiweka kwenye bango, mpe karatasi asaini kwanza, hata akiwa baba yako mzazi. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni mali yake. Mlipe na kitu kidogo. Na hilo swali lake la kuuza maneno, jaribu safari hii kumsomea ulichoandika kuhusu asali yake. Mimi nadhani mzee anauliza kwa sababu hajawahi kuonyeshwa.

Bosi akikataa je? Inawezekana. Mteja ana hela na Julai ni kavu. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba hayo ya kutibu wewe hutayaandika, ila kazi nyingine zote utazifanya. Atampa mwenzako. Mwache. Usianze kumpiga vijembe mwenzako kwenye stetasi, huko ni kutafuta makofi. Ukifukuzwa kwa hilo, uwe unajua kwamba mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini analindwa na sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Mkataba wa maandishi unao? Vijana wa ofisi ndogo mkiulizwa hilo huwa mnaangalia dari. Uombe sasa mkiwa bado mnacheka pamoja, wala usisubiri siku ya ugomvi.

Kuhusu baridi nitasema machache. Huko Ulaya watu hunyong'onyea majira ya baridi, na sababu mojawapo inayotajwa ni uchache wa mwanga, maana jua linazama mapema mno. Tabora ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Mchana wa Julai na wa Desemba haupishani hata saa nzima. Kwa hiyo mwanga unao, tatizo unautazama kutoka chini ya blanketi. Toka asubuhi, kaa juani na hao wenzako na birika la kahawa. Ila kama Septemba itaingia na joto lake bado huna hamu ya kula, hulali, na mawazo yamekuwa mazito hadi unajiona bora usingekuwepo, hapo usiandikie safu ya Anti. Nenda hospitali ukaongee na daktari.

Kusahihisha mabango ya msibani ni akili, si ugonjwa. Mshonaji naye anaangalia mishono ya watu kanisani. Hiyo pole ya sekunde thelathini, ilimradi hukumtolea jirani saa mkononi, nimekusamehe.

Dar? Dar haikimbii. Ukienda sasa utafikia kuandika "bei chee" kwa magodoro makubwa zaidi, ukiwa umepanga chumba na watu usiowajua. Na huko nako yupo bosi mwenye mteja wa dawa ya kila kitu. Ukitaka kwenda, nenda na kazi za kuonyesha, na tangazo moja zuri la asali ya Tabora litakufungulia mlango kuliko cheti. Mimi ningesubiri Nanenane ipite, tarehe 8 Agosti si mbali. Katikati hapo Julai yenyewe si kavu kama mnavyoilia. Malipo ya tumbaku yakianza kutoka, watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanaingia mjini kununua bati, pikipiki, redio na nguo za harusi. Wenye maduka hayo wanahitaji maneno. Mmekaa juani mnawasubiri waje ofisini, kumbe mngechukua kirikuu mkawafuata dukani.

Bango la njia ya stesheni lirudieni kwa hasara yenu, na safari hii ongezeni kamba pembeni na kulitoboa matundu ya kupitishia upepo. Mteja mmoja aliyekasirika Tabora anatosha kuwamaliza, mji wenyewe ni huo huo mmoja.

La mwisho ni la mama mdogo. Hayo maji ya kukandia miguu yapime wewe kwa kiwiko kabla hajatumbukiza, kwa kuwa mwenye sukari anaweza kuwa amekufa ganzi nyayoni akaungua bila kuhisi. Jiko la mkaa usimwekee miguuni, na chumbani likiwa limefungwa milango usiliingize kabisa, hewa yake inaua. Mnunulie soksi nene zisizobana, akague nyayo kila jioni kwa mwanga mzuri, na akiona kidonda hata kidogo asisubiri tarehe ya kliniki.

Anti